Kisogo kimegoma kujikunja: njia ipi ya kunyoosha nywele za kipilipili ina nafuu?

#1 Mwanamizizi
Habari zenu wakuu, naenda moja kwa moja.

Nina nywele za kipilipili, hazijaonja dawa mwaka wa tatu huu. Kwa mwaka nazinyoosha mara mbili tu, nione urefu wake roho itulie, kisha narudi kwenye mabutu yangu. Mwezi uliopita nikapigwa pasi saluni. Zikalala, zikang'aa, nikajiona. Wiki mbili baadaye nimeosha: mbele zimejikunja kama kawaida, ubavuni zimejikunja, ila kisogoni kuna sehemu ya ukubwa wa kiganja imegoma. Zikilowa zinaning'inia kama ncha za ufagio uliochoka. Kondishena nimeweka, nimezifunika usiku kucha na mafuta, wapi.

Maswali mawili. Hiki ni nini? Na kati ya pasi, chanuo la moto, dawa na hizi tritimenti za keratini, ipi ina nafuu? Naomba nisiambiwe niache kunyoosha, hilo nimeshaambiwa nyumbani.

#2 Chogo
Nyoa. Nawasilisha.

#3 Bi Kipilipili
Umezipiga pasi kama shati halafu unashangaa zimekuwa shati? Pole dadangu, lakini hizo zimekufa. Jiandae na mkasi.

#4 FundiPasi
Niko kwenye kazi hii miaka mingi, niseme kidogo.

Pasi yenyewe si adui. Adui ni mkono unaoishika. Nywele zinatakiwa zioshwe zitakate, zikauke KABISA, zinyooshwe kwanza na draya, ndipo pasi ipite mara moja, mbili zikizidi, kwenye fungu jembamba ambalo ukiliangalia unaona mwanga upande wa pili. Mimi sivuki nyuzijoto 180, na nywele laini nashuka zaidi. Msusi mvivu anachukua fungu nene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Pasi inagusa za juu, za katikati hazinyooki, anarudia mara sita. Za juu zinakuwa zimeshaiva.

Sasa nikuulize mambo matatu: pasi ilikuwa na namba au taa nyekundu tu? Kisogo kilianzwa au kilimaliziwa? Na ulisikia mlio wa "chwiii" na moshi?

#5 Shungi Refu
Mimi nitakuwa mtu mbaya wa uzi huu. Dawa ina nafuu kuliko pasi.

Hesabu tu. Nywele zangu zina dawa mwaka wa 11. Kila unywele umeguswa na dawa mara moja tu maishani mwake, siku ulipokuwa mzizi. Baada ya hapo naosha, natia rola, nakaa chini ya draya la kofia, basi. Naongeza kwenye mizizi kila baada ya wiki 12, na sikubali dawa ishuke kwenye nywele za zamani. Zimefika mgongoni. Mwenye pasi anachoma unywele uleule leo, kesho, mwaka mzima. Nani anaumia zaidi?

#6 Chogo
Nimeshika siti ya mbele.

#7 Mkemia Mstaafu
Shungi Refu hesabu yake ni nzuri ila imeruka mstari mmoja.

Ndani ya unywele kuna vifungo vya aina mbili vinavyohusika hapa. Kuna vile dhaifu vinavyofunguka kwa maji na kujifunga upya unywele ukikauka. Draya, rola na pasi ya wastani vinacheza na hivyo tu. Ndiyo maana nywele iliyonyooshwa ikilowa inarudi ilikotoka, kama kitenge kilichopigwa pasi kikanyeshewa.

Halafu kuna vifungo vya salfa. Hivi ndivyo nguzo. Dawa ya saluni yenye sodiamu haidroksaidi (ile ile kostiki ya kutengenezea sabuni) inavivunja na kuacha kifungo kingine chenye salfa moja badala ya mbili. Hakirudi nyuma. Kwa hiyo dada yangu, kila unywele wako umeguswa mara moja, sawa, lakini mara hiyo moja ilikuwa ya kung'oa nguzo. Unaishi kwenye nyumba iliyobaki na umetulia kwa sababu huipigi mateke.

Kisa cha Mwanamizizi: joto likizidi sana, kuanzia nyuzi 200 hivi kwenda juu, protini yenyewe inapoteza umbo. Yai likishaiva halirudi kuwa bichi.

#8 Shungi Refu
"Nyumba iliyobaki" imefika mgongoni lakini. Ya kwenu yenye nguzo zote iko wapi, mabegani?

#9 Bi Kipilipili
Zangu zimefika kiunoni nikizivuta 😏

#10 Chogo
Ukizivuta. Hata mimi nikijivuta ni mrefu.

#11 NusuKipara
Nichangie kwa machungu. Mimi nilikuwa na dawa ya kawaida, nikaona picha za ule unyooshaji wa Kijapani, nikaenda. Msusi hakuuliza nina nini kichwani na mimi sikusema. Alipoanza kusuuza, nikamwona anatazama sinki badala ya kichwa changu. Nikageuka. Sinki lilikuwa na nywele zangu, zimelala vizuri, zimenyooka kweli kweli.

Jina hili la humu ndani mnadhani nilijipa kwa utani.

#12 Mkemia Mstaafu
Pole sana. Wengine wasome hapo juu mara mbili. Unyooshaji ule unatumia amonia thioglaikoleti, familia moja na dawa za kutia mawimbi: inafungua vifungo vya salfa, nywele inanyooshwa kwa pasi, kisha inafungwa upya kwa haidrojeni peroksaidi. Ikikutana na nywele iliyokwisha pita kwenye kostiki, hakuna cha kufunga upya. Hizo mbili hazikai kichwa kimoja. Wala usiseme "ilikuwa zamani". Kama nywele yenyewe bado ipo kichwani, si zamani.

#13 Mpita Njia
Mnalaumu pasi bure. Chanuo la moto ndiyo njia ya asili yetu watu weusi, lilivumbuliwa na Madam C.J. Walker, yule mfanyabiashara wa Marekani, na akawa tajiri. Hakuna kemikali, hakuna lolote.

#14 FundiPasi
Mkuu, heshima kwake, lakini hakulivumbua. Vyuma vya moto vya nywele vilikuwa vinatumika Ufaransa tangu karne ya 19. Msusi Marcel Grateau wa Paris alijulikana kwa kutia nywele mawimbi kwa chuma cha moto miaka ya 1870. Walker alizaliwa 1867, alikuwa mtoto. Yeye alijenga biashara ya mafuta ya ngozi ya kichwa, akafundisha maelfu ya wanawake kuuza na kusuka, na chanuo likiwemo kwenye mfumo wake. Ukitaka mgunduzi wa dawa ya kunyoosha, nenda kwa Mmarekani Garrett Morgan, 1909.

Na "hakuna lolote" si kweli. Chanuo la kwenye jiko halina namba. Ukilitoa motoni libonyeze kwenye karatasi nyeupe ya chooni: ikigeuka hudhurungi, hilo linachoma, lipunge mpaka karatasi ibaki nyeupe. Wangapi wanafanya? Wengi wanapima kwa kutema mate.

#15 Mpita Njia
Nimesahihishwa, asante. Ila huyo Morgan si ndiye mgunduzi wa taa za barabarani?

#16 FundiPasi
Taa zilikuwepo kabla yake. Alipata hataza 1923 ya alama ya barabarani yenye hatua ya tatu, ile ya kusimamisha pande zote kidogo kabla ya wengine kuruhusiwa. Kuhusu nywele, inasimuliwa alikuwa anatafuta kimiminika cha kuzuia sindano ya cherehani isiunguze kitambaa cha sufu. Akajifutia mikono kwenye kitambaa, akarudi akakuta manyoya ya kitambaa yamenyooka. Akajaribu kwa mbwa wa jirani.

#17 Chogo
Naomba tusimame hapo. Mbwa wa JIRANI. Wake alimwacha.

#18 Bi Kipilipili
Na sisi ndio wa tatu kwenye foleni, baada ya sufu na mbwa.

#19 Mwanamizizi
Nimerudi, nilikuwa kazini. Asanteni.

FundiPasi: pasi haikuwa na namba, ilikuwa na taa nyekundu tu. Kisogo kilikuwa cha mwisho. Nilifika saluni na mabutu niliyoyafunga usiku, kisogoni yalikuwa bado na ubaridi ubaridi, akasema "si tatizo, pasi itakausha". Mlio nilisikia. Chwii, kisha mvuke ukanipita sikioni. Nikadhani ni mafuta.

#20 Mkemia Mstaafu
Basi jibu umeshaliandika mwenyewe. Maji yaliyo ndani ya unywele yakipata chuma cha moto yanachemka papo hapo na hayana pa kutokea. Yanatengeneza mapovu ndani kwa ndani, unywele unakuwa kama mkate uliojaa matundu. Kwenye nywele mbichi hali hii imeonekana hata kwa chuma cha nyuzi 125 kikishikiliwa dakika moja. Halafu protini yenye maji inaharibika kwa joto la chini sana kuliko iliyo kavu. Hizo 180 za FundiPasi ni salama kwa nywele kavu tu. Nywele ikilia, imeumia.

#21 FundiPasi
Hapa tunatofautiana mzee wangu. Nywele zenye mapovu nazijua kwa mkono, zinakatika. Unazivuta kidogo zinabaki vidoleni, na ukipitisha kucha unasikia vijivimbe. Mwanamizizi hakusema zinakatika, anasema hazijikunji. Mimi nahisi lile fungu lilirudiwa mara nyingi kwa sababu lilikuwa halinyooki, na halinyooki kwa sababu lilikuwa bichi. Joto ndilo lililoua mkunjo, siyo mvuke.

Na mlio unaweza kuwa kweli ni mafuta. Wengine wanapaka mafuta mazito halafu wanapitisha pasi, kichwa kinakaangwa.

#22 Mwanamizizi
Hazikatiki. Nimevuta kumi, imekatika moja, na hiyo nilivuta kwa hasira.

#23 Kaka Panki
Swali la pembeni: hizi dawa za kupulizia za kukinga joto zinasaidia au ni maji ya kuuziwa? Mke wangu anazo chupa nne.

#24 Mkemia Mstaafu
Zinasaidia kiasi. Nyingi zina silikoni inayofanya joto liingie taratibu na kusambaa sawasawa, na pasi iteleze isikwaruze. Hazigeuzi nyuzi 230 kuwa 150. Fikiria kitambaa cha kushikia sufuria: kinakupa muda, hakikupi ruhusa ya kuishikilia mpaka kesho.

#25 Kaka Panki
Nitamwambia. Kwa upole.

#26 Utosi Mwekundu
Mbona mnazungumzia nywele tu, ngozi ya kichwa je? Mimi dawa yangu ya mwisho nilijikuna jana yake, nikapakwa bila kuzungushiwa mafuta mgando, nikaambiwa "vumilia dakika mbili ishike". Nilivumilia. Nikalala kifudifudi wiki nzima. Nilidhani dawa ya watoto au ile ya "bila kostiki" ingekuwa na nafuu.

#27 FundiPasi
Pole dada. "Vumilia ishike" ndiyo sentensi mbaya kuliko zote kwenye kazi yetu. Ikiwasha, inaoshwa. Siku chache kabla usikune, usichane kwa nguvu, usioshe.

Ile isiyo na kostiki unachanganya krimu ya kalsiamu haidroksaidi na kimiminika chenye guanidini. Ngozi inaumia kidogo zaidi ya ile nyingine, namaanisha inaumia PUNGUFU, samahani naandika huku nasuka. Lakini inaacha chembe za kalsiamu kwenye nywele, ndiyo maana zinakuwa kavu na hazing'ai. Zote mbili, yenye kostiki na isiyo nayo, ni kali, zinavuka 12 kwenye kipimo cha pH, usidanganywe na picha ya mtoto kwenye boksi. Na shampuu ya mwisho iwe ile yenye rangi ya kukujulisha: povu likiwa la waridi, dawa bado ipo. Unaosha mpaka liwe jeupe, hata msusi akinuna.

#28 Chogo
Fundi unasuka nani huku unaandika? Mwambieni huyo mteja akimbie.

#29 Bi Kipilipili
Na hamjataja kubwa. Dawa inaleta saratani ya mji wa mimba. Imethibitishwa Marekani. Shungi Refu soma hapo.

#30 Zamu ya Usiku
Nimesoma ule utafiti, tuuseme ulivyo. Ulitoka 2022, waliwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia kabisa vinyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani hiyo kufika miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64. Kwa waliotumia zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia kuandikishwa, 4.05. Ni zaidi ya mara mbili, si jambo la kucheka. Lakini ni uhusiano, haujathibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha. Na hawakukusanya majina ya bidhaa wala viambato, kwa hiyo huwezi kusema ni kostiki, ni formaldihaidi, au ni kingine.

#31 Shungi Refu
Asante Zamu. Naongeza mizizi mara 4 kwa mwaka kamili, sijui niko upande gani wa "zaidi ya". Nitapunguza ziwe 3. Msiniangalie hivyo.

#32 Mwanamizizi
Wakuu kuna kitu sikusema mwanzoni, msinipige. Mwaka jana niliwekewa keratini. Mara moja. Saluni nyingine. Waliniambia ni protini tu, inajenga.

#33 Chogo
😂😂😂 Ukurasa wa pili ndipo mgonjwa anataja alichokunywa.

#34 FundiPasi
Dada! Tumeongea posti thelathini kumbe.

Macho yaliuma walipopitisha pasi?

#35 Mwanamizizi
Yaliuma. Msusi mwenyewe alikuwa amefungua dirisha na kusimama pembeni.

#36 Zamu ya Usiku
Hiyo inayochoma macho mara nyingi ni formaldihaidi. Kwenye chupa inaweza kuandikwa metilini glaikoli au formalini, au isiandikwe, lakini pasi ikipita gesi inatoka. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, iliiweka kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, tangu 2004. Anayeivuta zaidi ni msusi, wewe umevuta mara moja, yeye kila siku.

Na zile zinazojinadi "haina formaldihaidi" nyingi zina asidi ya glaioksiliki. 2024 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa kisa cha mwanamke wa miaka 26 aliyeumia figo mara tatu, na kila mara ilikuwa baada ya kunyooshwa nywele saluni kwa krimu yenye asidi hiyo. Kwa hiyo mimi kwenye orodha yako keratini naiweka ya mwisho, chini hata ya dawa.

#37 Shungi Refu
Chini HATA ya dawa. Nimelisoma, nimelihifadhi.

#38 Mkemia Mstaafu
Sasa nabadili kidogo. Inawezekana kisogo kilipakwa keratini nyingi kuliko mbele, ndipo wanapoanzia kupaka, na kilikuwa kimelegea tangu mwaka jana bila wewe kujua kwa sababu unakaa kwenye mabutu. Pasi imemalizia tu.

#39 FundiPasi
Au kisogo chake kwa asili kina mkunjo mpana kuliko mbele. Vichwa vingi viko hivyo, na mkunjo mpana unaonyooshwa unaonekana kama umekufa. Una picha ya kabla ya keratini, nywele zikiwa zimelowa?

#40 Mwanamizizi
Nani anajipiga picha ya kisogo kilicholowa?

#41 Bi Kipilipili
Sisi.

#42 Mlowezi
Sijaona mtu aliyejibu swali la pili bila moto wala dawa. Mimi nanyoosha kwa uzi. Uzi wa kweli siyo huu. Nywele zikiwa na unyevu kidogo nazigawa mafungu kama 12, nazungushia uzi kuanzia mzizini hadi nchani, nalala nazo, asubuhi nafungua zimenyooka kiasi cha kubana nyuma. Hazilali kama za pasi, zinasimama simama, lakini zikilowa zinarudi zote, kisogo na mbele.

#43 Chogo
Uzi kuhusu uzi. Modi afunge uzi.

#44 Utosi Mwekundu
Uzi nao usikazwe. Mama yangu mdogo paji lake la uso limepanda kila mwaka kwa kukazwa, na hajawahi kugusa pasi. Mimi utosini nilikotoka kidonda hapajaota, nililaumu dawa. Daktari wa ngozi akaniambia kuna aina ya upara wa utosini kwa wanawake weusi ambao kwanza, 1968, uliitwa upara wa chanuo la moto. Baadaye jina likabadilishwa, maana walikutwa nao hata wasiotumia chanuo. Mpaka leo sijui changu ni cha dawa, cha kusuka au cha ukoo.

#45 Shungi Refu
Pole Utosi. Ulianza matibabu?

#46 Utosi Mwekundu
Nimeanza. Panawasha pungufu. Kuota bado.

#47 FundiPasi
Mwanamizizi, fanya hivi kabla ya mkasi. Osha kwa shampuu kali ya kusafisha, mara mbili. Kama ni silikoni na mafuta ya pasi yamezilemea, zitaamka. Kama ni joto au keratini, hazitaamka na utakuwa umejua. Ukiamua kukata usikate zote leo. Nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, zifiche ndani ya mabutu, punguza ncha kidogo kidogo. Safari ijayo uende na nywele kavu, na pasi isiyo na namba uikatae.

#48 Bi Kipilipili
Au usiende.

#49 Mwanamizizi
Nilisema nisiambiwe 😩 Nakwenda kuosha.

#50 Mwanamizizi
Nimeosha mara mbili, zimekauka zenyewe. Upande wa kushoto zimejikunja tatu. Kulia bado.

#51 Chogo
Mafungu matatu?

#52 Mwanamizizi
Nywele tatu.

#53 FundiPasi
Kushoto ndiko alikomalizia au alikoanzia?